Ndoo za Handsworth hazirudi tupu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa, giza bado halijaondoka Handsworth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na Denise Ciza anaimba wimbo wa kanisani huku akisukuma guta. Haimbi kwa nguvu, maana watu wamelala, lakini haimbi kinyonge pia. Mwandishi wa makala haya, aliyezoea kuamka saa mbili, anamfuata nyuma akipuliza vidole.

Guta lenyewe ni baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na mbele limebeba mapipa manne yenye mifuniko. Nje ya kila mlango kuna ndoo ndogo ya kijani. Denise anaifungua, anachungulia, anaimwaga kwenye pipa: maganda ya viazi, majani ya chai, mifupa ya kuku, wali wa juzi. Anaipangusa kwa gazeti kuukuu. Halafu, kabla ya kuirudisha mlangoni, anatumbukiza ndani kishada kidogo cha dhania.

Anafanya hivyo kwa kila ndoo, bila kuruka hata moja.

"Leo njo leo," anasema, akicheka peke yake. "Nikikosa leo, ni bonne nuit, kwisha."

Na kweli leo ndiyo leo. Nyumba sitini za mitaa hii iliyo nyuma ya Soho Road zimo katika majaribio ya wiki nane ya kukusanya mabaki ya chakula na kuyageuza mboji. Wafadhili walitoa guta, ndoo na mshahara wa Denise kwa sharti moja: wiki ya mwisho, nyumba hizo zitoe kilo mia tatu. Jumanne zilipatikana mia moja thelathini na nane. Leo, kabla ya saa sita mchana, zinatakiwa mia moja sitini na mbili.

Zisipopatikana, guta litapelekwa upande mwingine wa jiji na ndoo zitakusanywa. Denise naye atarudi kwenye kiwanda cha sandwichi alikotoka. Hilo la mwisho hataki hata kulisikia.

Denise ana miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Uvira, mashariki mwa Kongo, na alifika Birmingham mwaka 2003 akiwa mkimbizi, na binti yake Mireille, wa miaka mitano, mkononi. Alisubiri karatasi kwa miaka mitatu. Alipozipata, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kupanga sandwichi kwenye mkanda unaotembea, amevaa kofia ya wavu na glavu.

Anasema kazi hiyo haikumchosha mwili bali ilimchosha roho. Ncha za mikate hazikutakiwa kwenye sandwichi, kwa hiyo kila mkate ulikatwa huku na huku, na ncha zikatupwa. Kila zamu yalijaa mapipa marefu kuliko yeye.

"Mukate muzuri, haujaoza, haujafanya nini, banatupa," anasema. "Juu ya nini? Juu ya ncha! Siku ya kwanza nililia mu toilette. Nilikumbuka njia ile tulitembea siku tisa, mutoto analia njaa, na huku minaona mukate iko nalala mu poubelle, mu pipa ya taka."

Alivumilia miaka miwili. Kisha, majira ya kiangazi ya mwaka huu wa 2008, aliona kanisani tangazo la kazi hii. Inampa pauni mia moja na kumi na tano kwa wiki, kidogo kuliko kiwandani. Aliikimbilia kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Aliyemwajiri ni Kullow, Msomali wa Garissa anayeishi Small Heath na anayesimamia yadi ya mboji nyuma ya mashamba madogo ya kukodi. Ni mtu mrefu, mpole, na ukimgusia takataka basi umejitakia. Humweleza kila mgeni kuwa magunia mengi meusi ya jiji hili huishia kwenye tanuri la kuchomea taka, na kwamba ganda la kiazi ni maji kwa sehemu kubwa.

"Sasa niambie, nani huchoma maji?" anauliza Kullow. "Na likifukiwa shimoni pia linaoza bila hewa, linatoa gesi ya kuchemsha dunia. Lakini ukilipa hewa na wakati, linakuwa udongo. Hakuna siri hapo, my friend."

Siri haikuwepo, lakini taabu ilikuwepo, na ilianza siku ile ile ya kwanza.

Mwezi wa nane, Denise alipita nyumba kwa nyumba akigawa ndoo. Wakazi wengi wa mitaa hiyo ni Masingasinga, na wazee wao kadhaa walizaliwa Kenya na Uganda. Kiingereza cha Denise bado kinachechemea, na Kipunjabi hajui hata salamu. Lakini kwenye mlango wa nne alifunguliwa na bibi mmoja wa miaka sabini na sita, kilemba cheupe cha ujane kichwani, ambaye alimsikia Denise akimwita Mireille kwa Kiswahili.

Bibi huyo ni Swaran, mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa hajazungumza Kiswahili na mtu wa nje tangu mumewe afariki miaka sita iliyopita. Alimshika Denise mkono akamwingiza ndani, na kugawa ndoo kukasimama kwa saa nzima.

Kuanzia hapo mambo yalikuwa rahisi, au hivyo ndivyo Denise alivyodhani. Mama Swaran aliwapigia simu wenzake, na wazee wote wa Kisumu, Nakuru na Jinja waliokuwa mitaani humo wakapokea ndoo kwa tabasamu. Denise alirudi yadini akimwambia Kullow kwamba kilo mia tatu watazipita wiki ya kwanza tu.

Ijumaa alipokwenda kukusanya, Mama Swaran alimpokea mlangoni na ndoo yake. Ilikuwa imeoshwa inang'aa. Ndani yake, zimefunikwa kwa kitambaa safi, mlikuwa na bajia za moto.

"Mimi nafikiri huyu mama analeta chombo leo, Ijumaa anakuja kuchukua," Mama Swaran anaeleza, bila aibu hata kidogo. "Sasa mimi narudisha tupu? Mama yangu Kisumu angenipiga."

Mireille, ambaye ana miaka kumi na anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwambia mama yake, "Mum, it's just a bin."  Denise alikaa kwenye ukuta wa nje akala bajia zote pamoja na binti yake, na anakiri kwamba zilikuwa tamu mno.

Mizani ya yadi siku hiyo ilionyesha kilo arobaini na moja kwa wiki nzima. Kullow alicheka kwa sababu ya bajia, kisha akatazama mizani tena na hakucheka.

Wiki ya pili Denise alianza kuchunguza. Aliingia jiko moja akakuta ndoo imejaa mchele. Ya pili ilikuwa imelowekewa dengu. Ya tatu ilikuwa na pini za nywele na nyuzi, ya nne na unga wa chapati, na mzee mmoja alikuwa akikanda miguu yake ndani ya ndoo ya tano. Ndoo zilikuwa kila mahali zikifanya kazi kwa bidii, isipokuwa kazi yake. Maganda yote yalikwenda kwenye magunia meusi kama zamani.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Kwa nini watu hawaelewi jambo dogo namna hii? Akabandika sufuria ya maji jikoni, na maji yalipochemka akainama chini ya meza kuchukua unga wa muhogo wa kusonga bugali.

Unga ulikuwa ndani ya ndoo ya kijani.

"Nilisimama pale na mwiko mukononi," anasimulia, na hadi leo anaficha uso kwa kiganja. "Mimi mwenyewe! Nilijipatia ndoo ya nyumba yangu, nikaona iko na mufuniko ya kufunga muzuri, panya haingii, nikaweka unga. Hata sikuwaza. Ndoo nzuri vile, nani anaweka uchafu?"

Hapo ndipo alipowaelewa wenzake wote. Waliotengeneza ndoo hizo hawakuwahi kukulia katika nyumba ambamo chombo chenye mfuniko ni mali. Mtu aliyekua akitunza makopo ya samli na ndoo za rangi hawezi kupewa ndoo mpya, safi, akaitupia mifupa. Mkono wenyewe unakataa.

Usiku ule Denise alimwaga unga kwenye mfuko wa karatasi, akachukua ganda la ndizi, akaliachia ndani ya ndoo yake. Anasema lilianguka kwa kishindo cha jiwe. Kesho yake alikwenda nalo hadi kwa Mama Swaran, akamsimulia kisa chote, na Mama Swaran akacheka hadi akashika kiuno.

Lakini bibi huyo alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo Denise hakulitarajia. Alisema kuona vibaya kutia uchafu kwenye ndoo nzuri ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni Denise mwenyewe, kwa sababu hana adabu.

"Wewe unakuja, unachukua ndoo imejaa, unarudisha tupu," alimwambia. "Chombo ya jirani inarudi namna hiyo? Kwenu Kongo inarudi namna hiyo?"

Kwao Kongo hairudi namna hiyo. Sahani ya jirani ikija na maharagwe, inarudi na ndizi, au embe, au hata chumvi, lakini hairudi tupu. Denise alijua hilo tangu utotoni, na alikuwa amelisahau kwa sababu tu safari hii sahani ilikuwa ya taka.

Alikimbia yadini. Kullow ana kitalu chake pembeni, chenye dhania, pilipili na lengalenga, ambayo wengine huiita mchicha. Tangu Ijumaa ya wiki hiyo, kila ndoo iliyomwagwa ilirudi mlangoni na kitu: vijiti vitatu vya dhania, pilipili mbili, majani machache ya mboga. Kullow alilalamika kwamba wanamnyoa kitalu. Alilalamika wiki moja tu.

Kwa sababu sasa watu walikuwa na deni la adabu, na deni hilo hakuna mama wa Kisumu anayelala nalo. Ndoo zilianza kujaa. Wiki ya tatu zilifika kilo tisini na sita. Ya tano, mia moja themanini. Majirani Wajamaika na Wapakistani nao wakataka kujua kwa nini ndoo za Masingasinga zinarudi na pilipili na zao zinakaa tu. Wiki ya saba mizani ilisoma mia mbili themanini na moja, na Denise hakulala vizuri kuanzia hapo.

Ndiyo maana asubuhi hii anaimba, na ndiyo maana wimbo unakatika ghafla saa moja na robo.

Nje ya mlango wa Mama Swaran hakuna ndoo. Pazia limefungwa. Denise anagonga, anasubiri, anagonga tena. Hakuna anayejibu. Tangu wiki ya pili ndoo hii imekuwa ya kwanza kutoka, na mwenyewe amekuwa akisimama nyuma ya kioo kusubiri dhania yake.

"Labda amewahi hekaluni kupika," anasema Denise, akimaanisha hekalu la Masingasinga ambako Mama Swaran hujitolea jikoni. Anasema hivyo, lakini anageuka kutazama mlango mara tatu kabla ya kukata kona.

Mzigo wa kwanza unafika yadini saa mbili na nusu. Kilo themanini na nane. Kullow anapiga makofi mara moja. Mama mmoja wa wafadhili, aliyevaa koti la mvua la njano, anaandika kwenye daftari lake na kunywa chai.

Mzigo wa pili ni mzito wa kuangalia. Mapipa yamejaa hadi mifuniko inakataa kufunga, na Denise anakanyaga pedali amesimama wima, jasho linamtoka Oktoba hii ya baridi. Wanaume waliokuwa wakisubiri basi Soho Road wanampungia mkono. Mmoja anamuuliza kwa Kiingereza kama anabeba dhahabu, na Denise anamjibu kwamba anabeba maganda ya vitunguu ya shangazi ya mwulizaji.

Mizani inasoma kilo sabini.

Kullow anajumlisha kwa kidole hewani. Themanini na nane, na sabini, mia moja hamsini na nane. Anajumlisha tena, kana kwamba namba zitamwonea huruma. Zimepungua kilo nne.

Ni saa nne kasorobo. Mtu mwingine angeanza kuomba, au kuokota maganda barabarani, na mwandishi huyu anakiri kwamba alilitazama tufaha lililokuwa mfukoni mwake. Denise hatazami mizani tena. Anamtazama Kullow.

"Sijaona Mama Swaran," anasema. "Kilo zisubiri. Mi naenda kuona kama yule mama iko muzima."

Anaacha guta na kwenda kwa miguu, mwandishi nyuma yake, mwendo wa mtu aliyeamua kutokukimbia na ameshindwa.  Alishamwambia mwandishi kwamba mumewe Mama Swaran alikutwa na majirani, amekaa kwenye kiti chake, chai imepoa pembeni. Sasa wote wawili wanakumbuka jambo hilo.

Mlango bado umefungwa. Denise anapiga kengele, anaita kwa jina, anaweka sikio kwenye mbao. Na hapo anasikia kitu: pigo zito, kisha kimya, kisha pigo jingine. Linatoka nyuma ya nyumba.

Anapita uchochoro wa pembeni karibu aanguke. Uwanja wa nyuma wa Mama Swaran ni zege tupu. Marehemu mumewe aliusakafia wote miaka thelathini iliyopita apate pa kuegesha gari. Denise aliwahi kumwuliza kwa nini asipande kitu hapo, na bibi akamjibu kwamba katika umri wake hapandi tena, maana hajui kama atavuna.

Katikati ya zege hilo yupo mwanawe, Jaspal, aliyefanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge hadi kilipofungwa, na sasa ni dereva wa teksi. Ameshika nyundo kubwa. Kona nzima ya uwanja imekwisha kuvunjwa, na udongo mwekundu unaonekana chini yake. Mama Swaran amesimama kando na kilemba chake cheupe kimejaa vumbi, akimwonyesha mwanawe kwa fimbo mahali pa kupiga.

Hakusikia mlango tangu asubuhi. Angesikiaje?

Denise anamkumbatia kwa nguvu hadi fimbo inaanguka. Analia na kucheka kwa pamoja, na Mama Swaran, ambaye haelewi kosa lake, anampigapiga mgongoni na kumwambia polepole, atamvunja mbavu.

"Ndoo iko hapo kwa jikoni, Mama Mireille," anasema. "Mimi nilisahau kuitoa. Jana tulimenya karoti hekaluni, nikasema ganda inakuja na mimi. Angalia, inakataa kufunga."

Denise anainyanyua. Anainyanyua tena, taratibu, kama mtu anayepima mtoto. Halafu anaanza kukimbia.

Saa nne na dakika ishirini, mbele ya Kullow, mwandishi na mama wa koti la njano, maganda ya karoti ya Mama Swaran yanamwagwa kwenye mizani. Sindano inatetemeka na kutulia. Kilo tano na nusu. Jumla ya wiki ni mia tatu na moja na nusu.

Kullow anakaa chini kwenye rundo la magunia na kufunika uso. Mama wa koti la njano anaweka chai yake, anafunga daftari, na kumpa Denise mkono. Mradi utaendelea kwa miaka miwili, anasema, na kuanzia mwezi wa kwanza nyumba mia mbili. Denise anamwomba arudie. Anarudia.

Kuhusu miaka hiyo miwili, Denise tayari ana mpango, na ameueleza kwa kasi iliyomchosha mwandishi kuandika. Pipa kubwa la chuma la yadini linahitaji miezi kadhaa kuyaivisha mabaki. Mwezi wa tatu mboji ya kwanza itakuwa tayari. Hataki iuzwe. Anataka kila ndoo, kwa wiki moja, irudi mlangoni imejaa udongo uliotokana na jiko la nyumba hiyo hiyo na majirani zake. Naye anataka kukodi kitalu karibu na cha Kullow apande lengalenga na maharagwe, na Mireille aone kwa macho yake kwamba chakula hakitoki kwenye mkanda.

Lakini kwanza kuna ndoo ya kurudisha. Anaibeba mkononi hadi kwa Mama Swaran, na safari hii anatembea kama watu wote. Anamweleza habari zote kwa pumzi moja. Bibi anasikiliza, anafurahi, anasema jina la Mungu. Kisha anapokea ndoo yake, anafungua mfuniko na kuchungulia ndani.

"Mama Mireille," anasema, "leo umeniletea tupu."

Denise anashika kichwa. Katika furaha yote ile amesahau dhania. Anageuka kukimbilia kitaluni, lakini Mama Swaran anamshika kiwiko.

"Wacha," anasema. Anaichukua ndoo na kuiweka chini kwenye kona iliyovunjwa, pembeni ya udongo mwekundu, bila mfuniko. "Hii ngoja hapa mpaka mwezi wa tatu. Na mimi nangoja."